Hoja Si Hukumu: Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi na Wajibu wa Chama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bunju



Kila katibu aliyepata kukaguliwa anaijua siku ile taarifa ya mkaguzi inapofika ofisini. Ukurasa wa kwanza huwa na salamu, wa pili huwa na mizania, na baada ya hapo huanza hoja. Hati fulani ya malipo haikuonekana. Stakabadhi fulani haina saini. Salio la leja halilingani na la daftari la fedha. Katibu mgeni wa kazi huisoma hoja ya kwanza na jasho likamtoka, akidhani kwamba amekwisha kuitwa mwizi. Katibu mzoefu hafanyi hivyo. Yeye hujua kwamba hoja ni swali lililoandikwa, na kwamba swali hutaka jibu kwa wakati wake. Mara nyingi hati iliyopotea hupatikana katika jalada jingine, na jambo likaisha. Mara chache hugundulika dosari ya kweli, nayo ikiwa bado ndogo hurekebishwa kwa siku moja. Hasara kubwa katika vyama haikutokana na hoja zilizoulizwa. Ilitokana na hoja zilizofungiwa mtotoni mwa meza na kuachwa bila jibu.

Jambo linaloletwa mbele ya mkutano huu ni la afya ya kina mama, nalo lafanana sana na hilo. Ni habari ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wengine huiita ya shingo ya kizazi, na uchunguzi wake, na hasa habari ya mama anayepewa jibu lisemalo kwamba kipimo chake kimeonyesha dalili isiyo ya kawaida. Karatasi hiyo ni hoja, si hukumu. Walakini wako kina mama wengi wanaoipokea kama hukumu, wakaificha chini ya godoro, wasirudi tena kituoni. Huko ndiko hasara inakoanzia.

Ukubwa wa jambo

Kwa makadirio ya wataalamu wa kimataifa wa saratani ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 katika Tanzania walipatwa na saratani hii katika mwaka huo mmoja, na zaidi ya 6,500 walifariki dunia kwa ajili yake. Hakuna saratani nyingine inayowapata na kuwaua wanawake wa nchi hii kwa wingi kama hiyo. Wengi wa hao si vikongwe. Ni watu wa miaka arobaini na hamsini: ndio wafugaji wa kuku, wakulima wa bustani za mboga, wauzaji wa samaki wa Mbweni, wenye vibanda kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kwa maneno mengine, ndio wanachama wenyewe, ambao hisa zao na marejesho yao ndiyo yanayokiweka chama hai. Mama wa namna hiyo akifa, mkopo wake hubaki kwa wadhamini, na watoto hubaki kwa bibi yao.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba saratani hii ni miongoni mwa zile chache ambazo mwanzo wake unajulikana, safari yake ni ndefu, na njia ya kuikatiza ipo.

Mwanzo wake

Katika miaka ya 1980 ya mwanzo, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Harald zur Hausen na wenzake walionyesha kwamba saratani hii hutokana na virusi viitwavyo HPV. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo viko vya aina nyingi. Aina mbili, namba 16 na namba 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi duniani.

Virusi hivi huambukizwa kwa njia ya kujamiiana, na ni vya kawaida mno, hata watu wengi waliopata kuoa au kuolewa huvipata wakati mmoja au mwingine wa maisha yao bila kujua. Mwanamume huvichukua bila dalili yoyote, na mwanamke vivyo hivyo. Kwa walio wengi, mwili wenyewe huvifukuza katika muda wa miaka miwili hivi. Kwa wachache hubaki, na vikibaki huanza kuzigeuza polepole chembe za mwili, yaani seli, zilizo juu ya mlango wa kizazi.

Hapa yafaa jambo moja lielezwe wazi, kwa sababu limevunja nyumba za watu. Virusi hivi vyaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Kwa hiyo jibu la kipimo halimwambii mtu yeyote ni lini viliingia wala vilitoka kwa nani. Mume anayeishika karatasi ya mkewe na kuifanya ushahidi wa uzinzi anasoma neno ambalo halikuandikwa. Na mke anayemshutumu mumewe kwa karatasi hiyo hiyo amekosea vile vile.

Tangu virusi kuingia hata saratani kutokea, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, hupita kiasi cha miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, hasa aliye na virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, muda huo waweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Naye yumo katika hatari iliyo kama mara sita ya ile ya mwingine. Miaka yote hiyo mama haumwi. Anafanya kazi zake, anazaa, anahudhuria mikutano. Ufa uko ukutani, bali nyumba bado imesimama. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Vipimo vilivyopo

Kipimo cha kwanza kilichojulikana duniani kilitokana na Mgiriki aliyefanya kazi New York, Dakta George Papanicolaou. Alitoa habari ya ugunduzi wake mwaka 1928, wala haikupokewa kwa shangwe. Lakini baada ya yeye na mwenzake Herbert Traut kutoa kitabu mwaka 1943, kipimo kilienea, nacho kikaitwa kwa kifupi cha jina lake, Pap. Muuguzi au daktari hutumia kifaa cha kufunulia njia, akapangusa mlango wa kizazi kwa kijiti au brashi ndogo, akazichukua chembe na kuzipeleka maabara, ambako mtaalamu huzitazama kwa hadubini. Kupangusa kwenyewe ni kwa dakika chache. Nchi zilizofanya hivyo kwa mpangilio, kama Ufini iliyoanza katika miaka ya 1960, ziliona vifo vikipungua sana.

Ugumu wa kipimo hiki kwa nchi kama hii ni kwamba chahitaji maabara na wasomaji waliofunzwa, na jibu halitoki siku hiyo. Mama hana budi kurudi, na katika kurudi huko wengi hupotea njiani.

Kwa sababu hiyo, katika vituo vingi vya Tanzania hutumika njia ya siki. Muuguzi aliyefunzwa hupaka mlango wa kizazi asidi nyepesi ya siki, akasubiri dakika moja hivi, kisha akatazama kwa macho. Mahali palipo na mabadiliko huonekana peupe. Jibu hutolewa pale pale, na mara nyingi matibabu pia hutolewa siku hiyo hiyo. Njia hii hufaa zaidi kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Kwa aliyekwisha kukoma hedhi, sehemu inayotakiwa kutazamwa huwa imeingia ndani, kwa hiyo hushauriwa kipimo kingine.

Kipimo cha tatu ni cha kutafuta virusi vyenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2021 kuwa cha kwanza mahali kinapopatikana, na ubora wake mmoja ni kwamba mama aweza kujichukulia mwenyewe sampuli kwa brashi laini, kwa faragha.

Mwongozo wa shirika hilo ni kwamba wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wenye virusi vya UKIMWI waanze na miaka 25. Kwa njia ya siki au Pap, kipimo kirudiwe kila baada ya miaka mitatu. Aliye na virusi vya UKIMWI afuate tarehe anayopewa kliniki, maana yeye huitwa mapema zaidi.

Kusoma jibu

Sasa yafuata yale ambayo mama hukutana nayo katika karatasi ya Pap.

Kwanza, jibu laweza kusema kwamba sampuli haikutosha kusomeka. Hiyo ni kama hati iliyofifia wino. Haisemi kwamba kuna ubaya. Yataka kipimo kirudiwe.

Pili, laweza kusema kwamba kuna uvimbe au maambukizo ya kawaida. Hayo hutibiwa kwa dawa.

Tatu, laweza kusema kwamba zimeonekana chembe zenye mabadiliko hafifu, au ambazo msomaji hakuweza kuzikatia shauri. Hili ndilo jibu lisilo la kawaida linalotolewa kwa wingi, na ndilo linalowatisha watu bure. Mabadiliko hafifu yaliyo mengi hutoweka yenyewe. Daktari aweza kuagiza kipimo cha virusi, au kwamba mama arudi baada ya miezi 12. Kurudi huko ndiyo tiba yenyewe. Asiporudi hakuna ajuaye kama yametoweka au yamekua.

Nne, laweza kusema kwamba mabadiliko ni makubwa. Hata hapa, neno hilo si saratani. Maana yake ni kwamba chembe zimegeuka kiasi cha kuweza kuwa saratani miaka ijayo zikiachwa. Mama hupelekwa akatazamwe kwa kioo maalumu kinachokuza, na huenda kikakatwa kinyofo kidogo ili kipimwe. Hapa pasiwe na kuchelewa.

Tano, mara chache, jibu huonyesha chembe za saratani yenyewe. Hata hivyo aliyegundulika mapema ana tumaini kubwa la kupona kwa upasuaji au kwa mionzi.

Matibabu ya mabadiliko ambayo bado si saratani si makubwa. Ziko njia tatu zinazotumika zaidi: kuigandisha sehemu ile kwa baridi kali, kuichoma kwa joto, au kuiondoa kwa kitanzi chembamba chenye umeme. Kwa kawaida mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kizazi hakiondolewi. Baada yake aweza kutokwa majimaji kwa majuma kadhaa, naye huambiwa ajizuie na tendo la ndoa kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Agizo hilo ni la wawili, kwa hiyo ni vizuri mume alisikie kutoka kwa muuguzi mwenyewe. Kisha hurudi kutazamwa baada ya mwaka.

Ionywe pia kwamba uchunguzi ni wa mtu asiye na dalili. Mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au kati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma, au anayetokwa uchafu wenye harufu mbaya, au mwenye maumivu ya kiuno na nyonga yasiyokwisha, asisubiri siku ya uchunguzi wala mkutano wa chama. Aende hospitali mara moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Njia ya kutoka Bunju

Mfano uchukuliwe wa mwanachama mmoja wa Bunju, mfuga kuku, mwenye miaka 42. Amepimwa katika siku ya uchunguzi, na jibu limesema ana mabadiliko makubwa, aende hospitali ya rufaa. Kutoka Bunju hata mjini ni kilomita 30 hivi, kwa daladala za kupitia Boko, Tegeta na Mwenge. Yaweza kuwa ataelekezwa Mwananyamala kwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo jengo lake la kale la ufukweni lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo ilifanywa kuwa taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1996.

Mama huyu huanza kupiga hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi, si mara moja bali mara tatu. Siku nzima kuku hawana mtu. Rejesho la mkopo liko karibu. Mume atauliza anakwenda wapi. Na jirani mmoja amemwambia kwamba aendaye Ocean Road harudi. Mwishoni anajiambia: mbona mwili hauumi? Nitakwenda baada ya kuuza kuku hawa. Kuku wanauzwa, wanaletwa vifaranga wengine, na mwaka unapita.

Katika hesabu hiyo yote hakuna kitu ambacho chama hakiwezi kukitia mkono. Hata lile neno la jirani lina jibu: wengi walioonekana kwamba Ocean Road hawakurudi ni wale waliokwenda wakiwa wamekwisha kuchelewa. Waliokwenda mapema walirudi kimya, wakaendelea na kazi zao, na hakuna aliyewataja.

Wajibu wa chama

Huenda mtu akauliza: ushirika na mlango wa kizazi wapi na wapi? Jibu limo katika misingi ya ushirika yenyewe. Elimu kwa wanachama ni msingi mmojawapo, na kuijali jamii ni msingi uliotiwa mahali pake na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika katika mkutano wa Manchester mwaka 1995. Basi mambo yafuatayo yanawekwa mbele ya makatibu.

La kwanza, katika kalenda ya mwaka chama kitenge siku moja ya mkutano, kimwite muuguzi kutoka kituo cha afya kilicho karibu azungumze na wanachama, wanaume kwa wanawake. Kwa kawaida uchunguzi huu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na katibu aweza kuuliza mapema siku ambazo hufanywa, akazibandika kwenye ubao wa matangazo. Kina mama waambiwe pia kwamba wasiende wakiwa katika hedhi, na kwamba siku mbili kabla ya Pap wajizuie na tendo la ndoa, wala wasijioshe ndani.

La pili, kama chama kina mfuko wa jamii au mkopo wa dharura, mkutano mkuu uamue kwa azimio kwamba nauli ya kufuatilia matibabu ni dharura halali. Fedha iwemo katika makisio yaliyopitishwa. Isitolewe kwa huruma ya mweka hazina, maana huruma isiyo na azimio ndiyo inayozaa hoja mwakani. Hati ya malipo iandikwe "nauli ya matibabu", namba ya mwanachama na saini yake. Hapana haja ya kuambatisha jibu la daktari. Tarehe ya miadi yenye muhuri wa kituo yatosha kabisa.

La tatu ni siri. Katibu asiliandike jina la ugonjwa wa mtu katika kumbukumbu za mkutano, wala asilitangaze kwa nia ya kuomba michango. Kamati ya mikopo isiulize jibu la kipimo inapofikiria ombi la mwanachama. Chama kikivunja siri ya mtu mmoja, wanachama wengine mia hawatakwenda kupimwa.

La nne, wanaume. Wao ndio walio wengi katika kamati nyingi, na wao ndio mara nyingi hushika nauli ya nyumbani. Mume anayemwambia mkewe, "Nenda, nami nitabaki na kuku," amefanya sehemu kubwa ya matibabu.

La tano, mabinti. Aprili 2018 chanjo ya kuzuia virusi hivi ilizinduliwa kwa nchi nzima huko Mbagala, wilayani Temeke, kwa wasichana wa miaka 14. Aprili 2024 ilianza kutolewa mara moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba chanjo hii huondoa uzazi hauna ukweli. Ni uzazi wenyewe unaolindwa. Walakini chanjo ya binti haimpi mama yake ruhusa ya kutopimwa, na binti aliyechanjwa naye atapimwa akifikia umri.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliyapa mataifa shabaha tatu za kufikia mwaka 2030: wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena miaka 45, na 90 katika kila 100 wanaoonekana na dosari watibiwe. Shabaha ya tatu ndiyo yenye uzito kwa mkutano huu. Kumpima mama na kumwacha njiani ni sawa na kukagua hesabu na kuitupa taarifa.

Ndugu Makatibu, hesabu zaweza kungoja. Mkaguzi aweza kurudi mwaka ujao akaandika hoja ile ile mara ya pili, kisha mara ya tatu. Mwili hauandiki barua ya ukumbusho. Kwa hiyo mtakaporudi katika vyama vyenu, kila mmoja aulize swali moja katika mkutano wa kwanza: je, yupo mwanachama aliyepewa tarehe ya kurudi kituoni ambayo imepita? Asimtake mtu kunyosha mkono. Aseme tu kwamba nauli ipo, kwamba siri ipo, na kwamba mlango wa ofisi uko wazi baada ya mkutano. Kisha akae ofisini, angoje.